Mbali na Nani?

Kuna filamu inaitwa Bwana Devil. Ilitoka Marekani mwaka 1952, inasimulia habari ya simba wawili waliokula wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898, na nia yake ilikuwa kutisha. Usiogope kuitazama usiku. Ina dakika 79, na ukifika ya ishirini utakuwa unaangalia betri ya simu imebaki asilimia ngapi. Simba hawaonekani sana, na wakionekana wana sura ya vibarua wanaongojea saa ya kutoka. Shujaa ni Mzungu msimamizi wa ujenzi, anaitwa Hayward, ameigizwa na Robert Stack. Watu wanaliwa, na kinachomuuma yeye zaidi ni kuonekana mnyonge. Uingereza inatuma wawindaji watatu mashuhuri, simba wanawamaliza. Mke wa Hayward amekuja na msafara huo huo, kwa hiyo sasa kuna mtu wa kuokolewa. Hayward anaua simba, anakuwa mwanaume, taa zinawashwa.

Jina lenyewe linanichekesha. Mtu anayejua Kiswahili hawezi kulisikia bila kumwona Shetani amevaa kaunda suti, ameketi ofisi ya chifu, na raia mmoja amesimama mbele yake ameshika bahasha ya kaki: Bwana Shetani, naomba sahihi yako hapa.

Lakini siku zake ilikuwa kitu kikubwa. Mwongozaji, Arch Oboler, alikuwa amejipatia jina kwa michezo ya redio ya kutisha, na hii ndiyo filamu ndefu ya rangi iliyofungua soko la 3D Marekani. Aliitengeneza nje ya studio kubwa, kwa bajeti ndogo. Ilihitaji projekta mbili zinazokwenda kwa pamoja, kwa hiyo katikati ilibidi wasimame wabadilishe mikanda. Kila mtazamaji alipewa miwani. Matangazo yaliahidi simba mapajani mwako. Watu wakapanga foleni, pesa zikaingia, na mwaka uliofuata studio kubwa nazo zikaingia 3D na filamu kama House of Wax. Wahakiki waliichapa, watazamaji hawakujali. Mimi niliitazama kwenye nakala ya mtandaoni, kwa simu iliyopasuka kioo, bila miwani yoyote. Kuna mahali mkuki unarushwa kuelekea kamera halafu filamu inangoja ushtuke. Mkuki ulifika, ukapita, tukaendelea.

Sasa, filamu mbaya ni nyingi na maisha ni mafupi. Hii imenikaa kichwani kwa sababu ya swali moja ambalo nimeshindwa kuliweka chini: ubaya wake ni ubaya wa aina gani? Kuna ubaya wa mfuko, na huo mimi nausamehe haraka. Na kuna ubaya mwingine ambao hata ukiongezewa milioni mia bado unabaki pale pale. Nataka kujua kama huo wa pili ni kosa la sanaa au ni kosa la roho, na kama kweli mambo hayo mawili hutenganishwa.

Tuanze na mfuko. Kama umekulia mtaa wowote wa Kenya miaka ile, unakijua kibanda cha video. Mabati, mabenchi, pazia jeusi lenye harufu ya jasho, shilingi kumi mlangoni. Filamu zilizokuja pale hazikuwa na heshima. Dubwana la plastiki, damu ya rangi ya juisi, nyoka ambaye ulimwona waya. Tulizipenda, na tulizipenda kwa sababu ya msimuliaji. DJ Afro ndiye maarufu kuliko wote, ila kila mtaa ulikuwa na wake, na wetu alikuwa na kipaji kimoja ambacho sijakiona tena: aliwapa majina watu wasiokuwa na majina. Askari wa tatu kutoka kushoto, yule ambaye hata mwandishi wa filamu hakumpa sentensi moja ya kusema, jamaa yetu alimwita Njoro. Akatuambia Njoro ana deni la maziwa. Akatuambia amemwahidi mkewe leo atarudi mapema. Yote hayo yalisemwa ndani ya sekunde kumi, juu ya mlio wa helikopta. Njoro alipopigwa risasi, kibanda kizima kilitoa sauti moja, “aiii,” na kuna mzee aliyekuwa amesinzia akaamka akauliza, “Nani?”

Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambazo studio ya Hollywood ingezitumia kununulia maji ya kunywa. Silaha ni vyuma vilivyounganishwa gereji, helikopta imebandikwa kwa kompyuta, na juu ya yote hayo kuna sauti ya VJ Emmie akipiga kelele za furaha. Huwezi kusema ni filamu nzuri kwa vipimo vya darasani. Lakini ukiitazama unahisi watu waliotengeneza kile kitu wanajuana. Aliyekufa dakika ya tano anarudi dakika ya kumi na tano na shati lingine, na unafurahi kumwona.

Kwa hiyo umaskini wa Bwana Devil haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna Njoro. Watu wanaliwa tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho, Wahindi na Waafrika, na ni kama kuhesabu magunia yanavyopakuliwa. Unajua wameliwa kwa sababu mtu mwenye jina anaingia hemani kusema wameliwa.

Na mahali penyewe je? Filamu za namna hii lazima zipelekwe mbali. Kisiwani, jangwani, kibanda cha msituni, kituo cha utafiti kwenye barafu. Ni sheria ya kazi, na ina mantiki: msaada usiweze kufika, simu isishike, jirani asisikie. Lakini “mbali” ni neno ambalo halisimami peke yake, kama vile “mrefu” au “tajiri”. Lazima uulize ni mbali na nani. Bwana Devil ilipigwa kwenye vilima vya California, na kwa watu wa California Tsavo palikuwa mwisho wa dunia. Mimi nikisikia Tsavo ninafikiria basi la usiku la Mombasa, Mtito Andei, watu wakishuka kujinyoosha, chai ya bei ya wizi na kondakta akipiga kelele kwamba dakika kumi zimeisha. Siku hizi treni ya SGR inapita juu ya tuta na watoto wamebandika nyuso dirishani wakitafuta ndovu wekundu.

Na hata hiyo 1898 hapakuwa mwisho wa chochote. Mto Tsavo ulikuwa kituo cha misafara kabla reli haijaota kwenye kichwa cha mtu yeyote London. Ukitoka pwani unakata nyika ya Taru, kukavu, kiu, kisha unafika kwenye maji, unatua mzigo. Wapagazi wa Kiswahili na Kikamba walilala pale. Pembe za ndovu zilipita pale, na watumwa pia. Wapo watafiti wanaodhani kwamba simba wa sehemu ile walizoea nyama ya mtu kutokana na maiti zilizoachwa kando ya njia ile. Kama ni hivyo, basi yale mauaji hayakutokea kwa sababu Tsavo ilikuwa mbali na watu. Watu walikuwa wakipita pale miaka nenda miaka rudi, na wengine waliachwa bila kuzikwa.

Upweke wa Tsavo unaoonekana kwenye picha za watalii ulikuja baadaye, na ulikuja kwa sheria. Mbuga ilitangazwa mwaka 1948. Wakamba, Wataita, Waorma na Waata walikuwa na njia zao na visima vyao mle ndani. Waata walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, kazi ya baba na babu; miaka ya hamsini wakasakwa na kufungwa kama majangili. Ukishawatoa watu, unaweza kupiga picha ya ardhi tupu na kuandika chini yake kwamba hii ni Afrika ya asili.

Usiku wa kwanza wa filamu hii Hollywood ulikuwa tarehe 26 Novemba 1952. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari hapa Kenya. Wiki tano kabla. Mpiga picha wa jarida la Life, J. R. Eyerman, aliwapiga picha watazamaji wa usiku ule, na pengine umeiona bila kujua inatoka wapi: safu baada ya safu ya watu waliovalia vizuri, wote wameinua uso upande mmoja, wote wana miwani. Imetumika sana kuonyesha jamii iliyolewa picha. Mimi nikiitazama naona watu waliovaa miwani maalumu ili waione Kenya ikiwajia usoni, siku ambazo Kenya ilikuwa inawekwa kizuizini.

Mwaka jana nilikaa wiki mbili Voi nikiandika taarifa za shirika fulani, kazi ya kulipa rent. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na nilipokuwa nikilala aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nairobi. Akasema, “Pole, mwanangu.” Nikamuuliza kuhusu simba wa Tsavo, wale wa hadithi, akacheka. Yeye hofu yake ni ndovu wa alfajiri, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Simba anamjua kwa habari za mifugo. Halafu akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: kwamba Nairobi ndiko mbali, kwa sababu huko mtu anakufa na jirani hajui.

Nilitaka kubishana lakini nilikumbuka plot yetu. Vyumba arobaini na kitu, orofa nne, maji Jumanne na Ijumaa. Kuna jamaa alifariki chumbani, polisi walipokuja wakamuuliza keateka jina. Keateka akasema, “Huyu ni wa 3B.” Wakamwambia wanataka jina. Akafungua daftari la kodi. Lilikuwa na namba za milango na tarehe za kulipa.

Basi rudi na mimi kwenye hesabu ya Tsavo, maana hapo ndipo penye uchungu. Luteni Kanali John Henry Patterson, mhandisi aliyekuja Machi 1898 kujenga daraja la mto Tsavo, ndiye aliyeua simba wale, mmoja tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29. Mwaka 1907 akatoa kitabu. Humo anataja Wahindi 28 waliouawa, kisha anaongeza kwamba Waafrika nao waliuawa kwa wingi, ila hakuna aliyeweka rekodi yao rasmi. Miaka ikapita, na hesabu ikakua mpaka 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemikali kwenye nywele na mifupa ya simba wenyewe, wakakadiria watu 35 hivi: mmoja alikula kama 24, mwenzake kama 11. Angalia namna ukweli ulivyopatikana. Ili tujue ni watu wangapi walikufa ilibidi tumuulize simba. Yeye ndiye pekee aliyeweka rekodi bila ubaguzi.

Patterson alizitumia ngozi zile kama mazulia kwa takriban robo karne, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Ziko huko, zimejazwa, ndani ya kioo. Na mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza nywele zilizonasa kwenye meno yaliyovunjika ya simba wale. Walikuta DNA ya twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia. Na ya mtu. Zaidi ya miaka 120 mtu amekaa kwenye jino la simba, ndani ya jengo la Chicago, na hatujui ni nani. Hatujui kama alikuwa mmoja wa wale 28 au mmoja wa wale wasiohesabiwa.

Sasa linganisha na Charles Ryall. Huyu alikuwa ofisa wa polisi wa reli. Mwaka 1900, pale Kima, alikaa ndani ya behewa usiku akimvizia simba mwingine msumbufu, usingizi ukamchukua, na simba akaingia akamchukua yeye. Jina lake tunalijua. Behewa lenyewe lipo, liko makumbusho ya reli hapa Nairobi, mwendo mfupi kutoka stesheni. Simwonei wivu Ryall, kaliwa kama wengine. Nasema tu kwamba mtu mmoja alipata behewa, wengine hawakupata hata mstari.

Na wala simba hawakuwa wauaji wakubwa wa reli ile. Zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 walikuwa wamekufa ilipofika Kisumu mwaka 1901. Malaria, kuhara, vidonda, ajali. Hakuna aliyetengeneza filamu ya 3D kuhusu kuhara damu.

Nimelijadili hili na rafiki yangu anayehariri video za harusi, mtu mwenye jicho kali kuliko wahakiki wengi ninaowajua. Aliniambia, “Wewe unatazama muvi ya simba ukitafuta katiba.” Hoja yake ni nzito, usiidharau. Alisema filamu ya zimwi inahitaji maiti kama chapati inavyohitaji unga. Ukimlilia kila mmoja, filamu inageuka matanga ya saa saba. Mtazamaji amelipa ili aogope, na kuogopa ni raha, na raha haina haja ya kuulizwa kitambulisho. Tena, alisema, wewe mwenyewe unacheka mtu akiliwa na mamba wa plastiki. Kweli, nacheka. Sana.

Kabla sijaachana na chuo nilikaa mwaka mmoja na nusu kwenye darasa la falsafa, na kati ya machache niliyotoka nayo ni huu mjadala, maana ni wa zamani. David Hume, mwaka 1757, alisema kwamba kazi ya sanaa inayosifu tabia mbovu bila kuilaumu inakuwa na kasoro kama kazi, yaani ile kasoro inaingia kwenye uzuri wenyewe. Wengine wakambishia: maadili kando, sanaa kando. Siku za karibu Noël Carroll akaja na jibu la katikati, na ndilo linalonifaa. Kazi ya sanaa inakuomba uhisi kitu fulani. Kama imejengwa kwa namna ambayo mtu mwenye utu hawezi kukihisi hicho kitu, basi imeshindwa kazi yake yenyewe, na hapo kosa la maadili limekuwa kosa la ufundi. Carroll huyo huyo ameandika kitabu kizima kuhusu filamu na hadithi za kutisha, na anasema zimwi hututisha kwa kuvunja mipaka ya aina za vitu: mzima lakini mfu, mtu lakini mnyama. Simba havunji mpaka wowote. Simba ni simba. Ndiyo maana Oboler alilazimika kumwita shetani tangu kwenye bango.

Lakini jibu la Carroll halinitoshi, kwa sababu najua filamu zenye roho chafu ambazo zinafanya kazi barabara. King Kong ya 1933, kwa mfano. Wenyeji wa kile kisiwa wamechorwa vibaya kuliko wowote wa Bwana Devil, ni aibu kuitazama na mtoto. Na bado ukifika mwisho, juu ya lile jengo, koo linakukaba. Kwa nini? Kwa sababu filamu ile inamjua Kong. Ina dharau kwa watu, ila kwa nyani imekaa chini ikamsikiliza. Anakasirika, anashangaa, anagusa damu yake mwenyewe kwa vidole.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tunaitumia methali hii kwa mambo ya kazi na siasa, afadhali bosi unayemjua, afadhali mheshimiwa wa zamani, na nadhani tunaipunguzia uzito. Sikiliza inavyosema: kujuliwa kunabakisha kitu. Zimwi likikujua litakula, hilo halina mjadala, lakini litasaza. Msimuliaji wa kibanda alimjua Njoro kwa sekunde kumi, na Njoro akasazwa, mimi namkumbuka mpaka leo na hakuwahi kuwepo. Bwana Devil haimjui anayeliwa na haimjui anayekula. Ndiyo sababu haitishi. Haiwezi kutisha, kwa kuwa hofu ni hofu ya kupoteza, na kila kitu kilichomo ndani yake kilishapotezwa kabla kamera haijawashwa.

Na huyo anayekula angestahili kujuliwa, maana habari zake ni nzito kuliko ushetani. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaua ng'ombe na nyati kwa idadi ya kutisha. Mwaka 1898 mvua ilikosekana, njaa ikashika Ukambani. Fuvu la mmoja wa simba wale lina chonge lililovunjika na dalili za usaha kwenye mzizi. Baadhi ya waliolichunguza wanafikiri maumivu yalimzuia kukamata mawindo ya kawaida. Fikiria mnyama mwenye jino bovu, mawindo yamekwisha, halafu kambi ya maelfu ya watu inashuka kwenye treni na kulala kwenye mahema ya turubai.

Najua unachongojea niseme hapa, kwamba zimwi halisi lilikuwa ukoloni. Sitasema hivyo, ni rahisi mno, na yule aliyeburutwa kutoka hemani usiku hakuburutwa na ukoloni. Aliburutwa na simba. Wenzake walimsikia. Hofu ile ilikuwa ya kweli na ilikuwa yao, na kuibadilisha kuwa mfano wa kitu kingine ni namna nyingine ya kuwanyang'anya.

Filamu ya 1996, The Ghost and the Darkness, ilikuwa na pesa. Val Kilmer, Michael Douglas, hata Oscar ya uhariri wa sauti ilipata. Ilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya shingoni ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Ina Samuel, Mwafrika mwenye jina, na ndiye msimuliaji. Hiyo ni hatua, naikubali. Lakini Samuel anasimulia habari za Patterson. Wajenzi wanapokimbia tunabaki kambini na Patterson, hatuendi nao.

Siku hizi angalau kuna fomu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa mwituni ilipwe shilingi milioni 5. Ili ulipwe lazima uthibitishe aliyekufa ni nani, alikufa wapi, aliuawa na mnyama gani. Madai hukaa miaka, watu hufa wakisubiri, na yule mama wa Voi anajua familia ambazo zimechoka kufuatilia. Ila fomu ina mahali pa kuandika jina.

Kama mtu angenipa kamera na wiki mbili, najua filamu ningeipiga. Mwanzoni mwa Desemba 1898 wajenzi wa Tsavo walimwendea Patterson wakamwambia kwamba wao walitia saini mkataba kutoka India waje kuifanyia serikali kazi, na chakula cha simba hakikuwemo kwenye mkataba. Kisha treni ya kwenda pwani ilipokaribia, mamia yao walilala juu ya reli, ile ile waliyoilaza kwa mikono yao, mpaka dereva akafunga breki. Wakarusha vitu vyao kwenye mabehewa, wakapanda, wakaondoka. Ujenzi wa daraja ukasimama kwa karibu wiki tatu. Kwenye kitabu ni aya moja, na inasomeka kama habari za waoga. Mimi nataka kujua nani alilala wa kwanza. Nataka kujua waliambiana nini usiku wa kuamkia siku ile, kwa Kipunjabi, kwa Kiswahili cha kambini, nani alisema treni haitasimama na nani alimjibu. Nataka kuona uso wa aliyesikia chuma kinatetemeka chini ya shavu lake na hakuinuka.

Haingekuwa filamu ya gharama. Treni moja ya kukodi, watu mia mbili walio tayari kulala chini juani, turubai chache. Simba hata hahitajiki.